Mbinga Hatuhitaji Bango la Sindano

Rafiki yetu mmoja anayeishi kwa kuandika maandiko ya miradi, mtu mwema kabisa, alitupa ushauri bila kututoza senti. Alisema tukitaka shirika letu lipate fedha, ukurasa wa kwanza wa andiko uwe na picha ya sindano. Nikamuuliza, "Kaka, sindano hiyo tutaipiga picha wapi hapa Mbinga?" Akacheka. "Dada, picha zipo tele mtandaoni."

Nimezaliwa Mbinga, nikaenda chuo, nikarudi. Sijawahi kumwona kijana anayejidunga hapa. Simaanishi kwamba hayupo. Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapishana barabarani usiku na mchana, na lori linapofika, chochote kinaweza kufika. Ninachokiona kila siku ni kitu kingine. Namwona mwanamume wa miaka thelathini mwenye miguu iliyovimba na mikono inayotetemeka saa moja asubuhi, akitafuta kipimo cha kwanza ili aweze kushika jembe. Naona shamba la kahawa lililouzwa likiwa bado maua, kwa bei ya aibu, kwa sababu mwenye shamba alikuwa na deni kilabuni. Naona watoto wanaojua kumvua baba viatu bila kumwamsha.

Hoja yangu haina mafumbo. Shirika la kupambana na uraibu likianzishwa Mbinga leo, lianze na pombe. Na kazi yake ya kwanza iwe kwenye sheria, kanuni na vikao vya halmashauri. Fulana na semina zisubiri. Tuko saba tunaolianzisha: muuguzi, mwalimu wa msingi, dereva wa bodaboda, mhitimu wa sheria asiye na ajira, wakulima wawili wa kahawa, na mimi. Tangu tuanze, watu wenye nia njema wamekuwa wakitushauri tufanye kinyume cha haya yote.

Kuandikisha shirika nchini kwetu si kazi ya kumtisha mtu, ingawa ina karatasi nyingi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inakuruhusu kuchagua ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Unahitaji katiba, muhtasari wa mkutano wa waanzilishi, wasifu wa viongozi, picha ndogo, barua. Kuna pia kanuni za mwaka 2018 zinazotaka mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20 ipelekwe serikalini. Hiyo haikutusumbua. Tukikusanya mifuko yetu yote saba, na pikipiki ya mwenzetu tukaiuza, milioni 20 hatuifikii.

Kilichotusumbua ni neno moja kwenye katiba. Tuliandika kwamba lengo la shirika ni "kutetea mabadiliko ya sera na sheria za vileo na dawa za kulevya". Mama mmoja wa ofisi tuliyoendea, ambaye alitupokea vizuri na hata kutuagizia chai, alisoma mstari huo, akavua miwani. "Wanangu," akasema, "andikeni 'kutoa elimu kwa jamii'. Hilo neno 'kutetea' linaleta maswali. Na vileo viondoeni. Vileo ni biashara halali, vina leseni. Nyie si mnapambana na dawa za kulevya?"

Tulimshukuru, tukatoka nje, tukakaa chini ya mti, tukagombana saa nzima. Watatu walisema tubadilishe, tupate cheti, halafu tufanye tunachotaka. Wanne tulikataa. Shirika lililozaliwa kwa kuficha lengo lake litaendelea kulificha, maana kila ripoti ya mwaka itabidi ifanane na katiba. Miaka mitatu baadaye utajikuta unagawa kofia siku ya Juni 26, unapigwa picha na mgeni rasmi, unarudi nyumbani kwa kupita mbele ya vilabu vilevile.

Hilo la elimu nalisema kwa jazba kwa sababu naliona likila fedha na muda wa vijana wazuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpango wake wa kupunguza madhara ya pombe, unaoitwa SAFER, wenye hatua tano: kudhibiti upatikanaji wa pombe, kuwabana wanaoendesha wakiwa wamelewa, kuwapima na kuwatibu walioathirika, kuzuia matangazo, na kupandisha bei kwa kodi. Semina haimo. Walioandika mpango huo hawakuisahau. Walikuwa wametazama uthibitisho wa miaka mingi kutoka nchi nyingi, na kumwambia mtu kwamba pombe ni mbaya hakujaonyesha kubadilisha sana unywaji wake. Mlevi wa Mbinga anajua madhara ya gongo kuliko mwezeshaji yeyote aliyetoka Songea na projekta. Anayajua kwa ini lake.

Turudi Februari 2017, mwezi ambao wengi wenu mnaukumbuka. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alisoma hadharani majina ya watu aliotaka waripoti polisi kwa tuhuma za dawa za kulevya, wasanii wakiwemo. Nchi nzima ikakaa kwenye simu. Sisi tuliokuwa vyuoni tulijua majina hayo kwa mpangilio. Mwezi huohuo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kwamba kuanzia Machi 1 pombe ya kwenye vifuko vya plastiki, yaani viroba, ni marufuku. Hilo lilipata nafasi ndogo zaidi kwenye mazungumzo yetu. Nani angejadili kiroba wakati kuna majina ya mastaa?

Jiulize basi ni lipi kati ya hayo mawili lililogusa kijiji cha Mbuji, au Maguu, au Lituhi kule ziwani. Majina hayakugusa kitu. Viroba viligusa. Kiroba kilikuwa kinauzwa kwa bei ya andazi na chai, kinaingia mfuko wa sare ya shule, dereva wa bodaboda anakinyonya kwenye kona na kutupa ganda mtaroni. Dereva mwenzetu wa bodaboda anasema kwamba wiki ile vilipotoweka dukani, kuna wenzake walikuwa wanafika kijiweni wakiwa na akili zao kwa mara ya kwanza tangu awafahamu.

Lakini angalia marufuku yenyewe ilivyosimama. Ilikuja kwa kanuni za mazingira, zilizozuia vifungashio vya plastiki kwa pombe. Kilichokatazwa kilikuwa mfuko, si kilichomo ndani. Haikuchukua muda, pombe kali ikarudi katika chupa ndogo, ghali kidogo, ya halali kabisa. Mimi naichukulia marufuku hiyo kuwa mafanikio na kushindwa kwa pamoja. Ilithibitisha kwamba mstari mmoja kwenye kanuni unafanya kazi ambayo semina elfu haziwezi, na ikathibitisha pia kwamba mstari ukiandikwa kwa kukwepa jina la tatizo, tatizo linajua njia ya kuuzunguka. Wenzetu Kenya waliandika jina lenyewe. Sheria yao ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo kila mtu aliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, iliweka saa za baa kuwa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi. Haikumaliza ulevi, mwaka 2014 pombe yenye sumu iliua watu wengi huko huko Kenya. Ila ilimpa mwananchi kitu cha kushika mkononi anapokwenda kulalamika.

Nimeshaanza kusikia wazee wangu wakiguna. Pombe ni utamaduni wetu, nani amewatuma mje kuupiga vita? Shikamooni wazee. Nawajibu kwa heshima, na nawajibu kwa historia yenu wenyewe, kwa sababu hoja hii naiona ndiyo nzito kuliko zote, na wanaharakati wengi huirukia juu juu.

Ni kweli, Mmatengo hakuanza kunywa jana. Mashamba yetu ya ngolo, yale mashimo yanayoshikilia udongo kwenye miteremko mikali, ambayo wageni huja kuyapiga picha, hayakulimwa na mtu mmoja mmoja. Kulikuwa na ngokela: unaalika majirani kuja kulima kwako, unapika pombe, wanalima, wananywa, kesho zamu ya mwingine. Kulikuwa na sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na wazee wakawafunda na kuwakemea vijana mbele ya chakula. Kule ziwani mganda na kioda vilichezwa, na pombe ilikuwepo.

Tazama ilivyokuwepo lakini. Ilipikwa kwa siku fulani, kwa kazi fulani, na mwenyeji anayejulikana. Komoni haikai. Ulanzi hauvumilii. Baada ya siku chache kinywaji kimechacha, kimeisha, na ili kupata kingine lazima mtu atwange, aloweke, asubiri. Ndani ya pombe yenyewe mlikuwa na breki. Halafu aliyekunywa bila kulima alijulikana, na palikuwa na mzee wa kumwambia. Wazee wangu, hiyo ilikuwa sera ya pombe. Haikuandikwa, lakini ilikuwa na saa zake, masharti yake, wasimamizi wake na adhabu zake. Gongo haichachi. Inakaa kwenye dumu uvunguni mwaka mzima, inanywewa Jumanne saa tatu asubuhi na mtu aliye peke yake ambaye hajalima popote. Chupa ndogo ya dukani ni hivyohivyo. Kilichovunja utamaduni ni hiki, na kilifika kabla yetu. Sisi tunaomba breki zirudishwe, safari hii zikiwa kwenye maandishi, maana sengu nyingi zimekufa na wajukuu wanakula kila mtu chumbani kwake.

Sasa nisimulie kitu kilichomfanya muuguzi mwenzetu aje kwenye kikao cha kwanza. Nitaficha mahali na watu.

Kulikuwa na msako wa gongo. Walikamatwa wapikaji na wanywaji, wakapelekwa kituoni. Mmoja wao alikuwa baba wa makamo ambaye kwa miaka hakuwa amepitisha siku bila kunywa. Siku ya kwanza mahabusu alitetemeka. Usiku akaanza kuona wadudu ukutani na kuzungumza na marehemu kaka yake. Wenzake wakadhani ni wazimu, askari wakadhani anaigiza. Mke wake alikuwa anajua. Alishaona hali hiyo mara mbili nyumbani, mara ya pili ikiwa imeishia kwenye degedege. Asubuhi akaja na chupa ya chai. Ndani yake kulikuwa na gongo, kiasi kidogo, alichokuwa amejifunza mwenyewe kwamba kinatosha kumtuliza bila kumlewesha. Walipoifungua chupa, naye akawekwa ndani.

Muuguzi alipotusimulia alisema hivi: "Yule mama alikuwa ndiye tabibu pekee pale, na tukamkamata." Halafu akatueleza kitu ambacho tangu hapo nakirudia kwa kila anayetaka kunisikiliza. Mtu aliyezoea heroini akikatishwa ghafla atateseka kwa arosto mpaka atamani kufa, lakini kwa kawaida hafi. Mtu aliyezama kwenye pombe kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kufa kweli, kwa degedege, kwa moyo, kwa homa ya kuweweseka. Na dawa za kumvusha si za anasa: diazepamu, vitamini B1, maji, na mtu aliyefundishwa kumwangalia kwa siku chache. Hospitali ya wilaya inaweza. Kituo cha afya chenye muuguzi makini kinaweza. Kinachokosekana ni mwongozo unaosema kwamba mtu huyu anapokamatwa apitie kwanza kwa mganga, na kitanda kimoja kilichotengwa kwa ajili yake.

Baba yule alipona. Mke wake alitozwa faini.

Usiniambie tena kwamba tunahitaji kuelimisha familia.

Anayedhani kutibu mraibu ni ndoto za wasomi, akumbuke Muhimbili. Februari 2011 ilifunguliwa pale kliniki ya kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini, ikafuata Mwananyamala, ikafuata Temeke, kisha mikoani. Kabla ya hapo, ungemwambia mtu wa Kinondoni kwamba serikali itampa teja dawa bure kila asubuhi badala ya kumpiga virungu, angekuona umevuta wewe. Leo ni jambo la kawaida. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na ukali wake wote, inatambua kwamba mraibu anastahili tiba. Zanzibar nako, watu waliotoka kwenye uraibu wenyewe walifungua nyumba za upataji nafuu, zile ambazo mtaani huitwa soba. Haya hayakuletwa na mabango ya sindano. Yaliletwa na madaktari, watafiti, waraibu na mashirika waliokwenda kubishana na wizara kwa takwimu mkononi mpaka ikakubali. Mwanamume wa Maguu anayetetemeka asubuhi hana wa kubishana kwa niaba yake, kwa sababu uraibu wake una risiti.

Na tukizungumzia takwimu: ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani, na dawa za kulevya vifo laki 6. Sisemi laki 6 ni wachache. Nauliza kwa nini kila Mwenge wa Uhuru unapopita wilayani kwetu unabeba ujumbe wa mapambano dhidi ya dawa za kulevya, na jioni mkesha wa Mwenge unapambwa na vibanda vya bia.

Bangi siwezi kuikwepa, hasa nikiwa na wasomaji wa Mbamba Bay na Liuli. Kulima bangi Tanzania kunaweza kukupeleka jela miaka 30. Ng'ambo ya ziwa, ambako siku ya anga safi tunaiona milima yake, Malawi ilipitisha mwaka 2020 sheria inayoruhusu kilimo cha bangi kwa leseni, kwa ajili ya dawa na viwanda. Mvuvi wa Nyasa anatupa nyavu kwenye maji yaleyale. Upande mmoja mmea ni zao la kuombewa leseni, upande mwingine ni nusu ya maisha ya mtu.

Wengine katika kundi letu wanataka tutetee kuruhusiwa kwake. Mimi sitaki, na tumekubaliana shirika lisiwe na msimamo huo. Nimeona bangi ilivyomfanya mtoto wa jirani, tena kijana mwenye akili, na sina hamu ya kuipigia debe. Ninachokitetea ni uwiano. Nchi inayompa mkulima maskini miaka 30 kwa vichaka vya bangi nyuma ya mahindi, na kumpa muuza pombe kali mbele ya shule ya sekondari leseni yenye mhuri, haijaamua kupambana na uraibu. Imeamua kupambana na baadhi ya mimea.

Leseni yenye mhuri inatoka halmashauri. Hili ndilo eneo ambalo shirika dogo kama letu, lisilo na gari wala mfadhili, linaweza kufanya kazi ya kweli. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 imewapa mamlaka za wilaya kazi ya kutoa leseni za kuuza pombe na kuweka masharti, zikiwemo saa za kufungua na kufunga. Ni sheria ya zamani kuliko wazazi wa wengi wetu, na bado ina meno yaliyokaa bure. Tunazo halmashauri mbili Mbinga, ya Mji na ya Wilaya, na Nyasa ina ya kwake tangu wilaya hiyo imegwe kutoka kwetu mwaka 2012. Kila moja ina kikao kinachoamua nani auze, wapi. Nani kati yenu amewahi kusoma muhtasari wa kikao hicho? Nani amewahi kupeleka pingamizi? Tunajua kupinga penalti ya Yanga na Simba mpaka usiku wa manane, lakini baa inafunguliwa hatua hamsini kutoka ghala la AMCOS na hakuna mtu anayeandika barua.

Ghala la AMCOS nalitaja kwa makusudi. Kahawa yetu huanza kuvunwa mwezi Mei, na fedha zake hufika kwa mafungu, nyingine miezi baada ya mavuno. Zinapofika, hufika kwa kishindo, na wenye baa wanaijua ratiba kuliko makarani. Wiki hizo mji unabadilika: muziki, nyama choma, wageni wanaokuja na bidhaa za kila aina. Kabla ya hapo, wakati wa njaa ya Januari na Februari, kuna magoma, biashara ya kununua kahawa ikiwa bado mtini. Imepigwa marufuku mara nyingi na inaendelea gizani. Mwanamume aliyebanwa na kiu au deni la kiu anauza magoma, na mke aliyepalilia na kupogoa mibuni mwaka mzima anakuja kugundua mwezi wa Juni kwamba kahawa anayoichuma si yake. Ukitaka kujua uraibu wa Mbinga una sura gani, uliza nani aliuza magoma msimu huu na kwa nini. Hiyo nayo ni sera ya uraibu, hata kama ipo kwenye faili la ushirika.

Mapato ya leseni za vileo yanaingia kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na asilimia 10 ya mapato hayo ndiyo yanayotengwa kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kijana akinywa sana mjini, kuna senti kadhaa zitakazomrudia kama mkopo wa bodaboda. Sijui kama mtu mwingine anacheka.

Kuna swali moja ambalo bado linatugawa ndani ya kundi, nami silifichi: wapikaji wa gongo. Wengi ni wanawake, na ada za shule za watu ninaowafahamu, wengine wakiwa walimu leo, zilitoka kwenye pipa hilo. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, ambayo kwayo wanakamatwa, kwa kweli haikatazi kukeneka pombe. Inakataza kukeneka bila leseni. Maana yake kuna moto mmoja na mvuke mmoja. Ukiwa kwenye kiwanda chenye leseni ni mlipakodi mkubwa, ukiwa kwenye jiko la mafiga matatu ni uhalifu. Mwalimu mwenzetu anasema gongo lazima ikomeshwe, basi. Mimi nasema msako unaomkamata mama na kumwacha msambazaji wa madumu na wenye chupa ndogo dukani haupunguzi hata kipimo kimoja. Unahamisha pipa kutoka mtaa huu kwenda ule na kupandisha bei ya kuachiwa. Shirika letu halitashiriki msako wowote. Tumeandika hivyo kwenye katiba, kifungu kizima, na nina hakika kifungu hicho nacho kitaulizwa.

Yupo mfadhili mmoja aliyetujibu kwa barua pepe, kwa adabu, akiuliza idadi ya watumiaji wa heroini katika eneo letu la mradi. Mhitimu wetu wa sheria aliandika jibu refu lenye hasira, tukalipunguza mpaka mistari minne. Tulimwambia tunachokijua na tusichokifanyia kazi. Hajajibu. Hatujabadilisha andiko.

Kwenye faili la usajili tumeacha neno "kutetea" lilivyo, na neno "vileo" lilivyo. Wale watatu waliotaka tubadilishe wamesaini pamoja nasi. Mmoja alisaini akinung'unika, akasema tukikataliwa yeye ndiye atakayefunga safari kwenda kuuliza sababu, na nauli tuchangie. Wakati tunasubiri, hakuna sheria inayotuzuia kuwa wananchi wa kawaida wenye kalamu. Wiki iliyopita tumepeleka barua halmashauri kuomba orodha ya leseni za vileo zilizotolewa karibu na shule na maghala ya kahawa, na tarehe ya kikao kijacho cha leseni. Karani aliisoma mara mbili, akauliza sisi ni chama gani, tukamwambia hatuna chama, akagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yetu. Ametuambia turudi Jumatatu.